Tuta la Chini

Kwetu kaburi lisilofyekwa nyasi ni aibu ya ukoo mzima. Wiki mbili kabla ya sikukuu ya mavuno milima ilikuwa inajaa watu: babu, wana, wajukuu, binamu ambao hawajasemeshana tangu mwaka jana, kila mmoja na mundu wake. Ukikaa bondeni ulisikia vyuma vikinolewa kila upande kama panzi. Siku hizi unasikia mashine moja. Ni kijana wa ushirika, ameagizwa kwa simu na watu wa Seoul. Anafyeka, anapiga picha, anaituma, anaondoka. Mwana analitazama kaburi la babake kiganjani huku akinywa kahawa, kisha anafuta picha.

Tak Chil-bok hakuwahi kumtuma mtu. Alikuwa na matuta mawili ya makaburi ya kufyeka kila mwaka, la wazazi wake na la Bibi Mo. La wazazi alilifyeka asubuhi moja. La Bibi Mo lilimchukua siku nzima, kwa sababu akimaliza kufyeka alikuwa anapiga magoti na kuchambua kwa vidole, magugu yote yakitoka na mizizi yake.

Bibi Mo alikuwa mmisionari. Jina lake la kwao lilikuwa refu na hakuna ulimi wa hapa uliolimudu, ndiyo maana akapewa hilo fupi. Alifika bondeni akiwa na miaka ishirini na tisa, akafa mwaka 1938 hajatimiza hamsini na tano. Hakuwa na mume wala mtoto, wala hata mpwa wa kushika mundu. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia homa ya chawa iliingia kijijini. Nyumba ya akina Tak ikafungwa kamba mlangoni, mtu asiingie. Ndani alikuwamo mtoto wa miaka mitano, mkekani, kando ya mama yake ambaye alikuwa ameshakufa siku mbili. Baba alikuwa machimboni kaskazini. Bibi Mo aliikata kamba. Alikuwa amenyoa nywele zake zote kwa ajili ya chawa, na hakuziacha ziote tena mpaka alipokufa. Tak aliniambia kwamba alipofumbua macho aliona kitu cheupe kimesimama mlangoni, mviringo, akadhani ni mwezi umeshuka kumchukua. Kumbe ni kichwa cha mzungu. Akamnywesha maji ya mchele kwa kijiko siku kumi na moja.

Baba aliporudi alimwambia mtoto, "Huyu hana wa kumfyekea kaburi. Utamfyekea wewe." Mwaka uliofuata Bibi Mo akafa kweli.

Kulikuwa na mwanamke mwingine, naye lazima nimtaje hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayemtaja. Kwetu mwanamke akishaolewa huitwa kwa kijiji alichotoka, na jina lake mwenyewe hufia kwa wazazi wake. Huyu alitoka Solgae, basi akawa Mama Solgae. Alikuwa mjane, mkubwa kwa Bibi Mo kwa miaka sita. Walizunguka pamoja vijiji vyote vya bonde miaka ishirini, Bibi Mo na sanduku la dawa, Mama Solgae na furushi la Injili kichwani. Aliwafundisha wanawake kusoma kwa kuchora herufi kwenye majivu ya jiko kwa kijiti cha kuchochea moto, ili wakwe wakiingia herufi zifutwe kwa mguu. Mama yangu alijifunza hivyo, akanifundisha mimi hivyohivyo, na mengine nikamalizia kwenye magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia baridi. Shule yangu yote ni hiyo. Mama Solgae alikufa kwa homa ileile ya chawa, wa kwanza kati ya waliouguza wagonjwa, akazikwa mlimani. Jina lake la kuzaliwa halimo kwenye daftari lolote la kanisa. Nimetafuta.

Bibi Mo alipokuwa anakata roho, mama yangu alikuwa chumbani na wanawake wengine. Walimsikia akisema wazi kabisa, kwa lugha yetu, "Nizikeni miguuni pa dada yangu." Wakalia. Walimhurumia kwa sababu dada yake yuko ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo hakuna aliyejua iko upande gani, na ombi hilo haliwezekani. Mama alinisimulia mara nyingi nikiwa mdogo, na kila mara alimalizia vilevile: "Maskini, hata miguu ya dada yake hakuipata." Yeye mwenyewe hakwenda kuzika. Zamani jeneza lilisindikizwa na wanaume peke yao. Wanawake waliishia kwenye kijito. Mchungaji wa wakati ule alionyesha pa kuchimba, wanaume wakachimba, wakazika, wakashuka. Hivyo wanawake walijua maneno na wanaume walijua mahali, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kisha vita. Vibao vya mbao vya makaburi vilichomwa kuni na askari wa pande zote mbili, na mvua ikashusha matuta. Tuliporudi mwaka 1953, mchungaji alikuwa amekufa, waliozika walikuwa wamekufa au wametawanyika, na pale mlimani palibaki matuta mawili ya kanisa yasiyo na alama, la Bibi Mo na la Mama Solgae, moja juu, moja chini yake. Wazee walisimama pale kwa muda wa kuvuta nusu ya sigara. Mkubwa hulala juu, mdogo hulala chini ya miguu yake. Baba juu, mwana chini. Kila mtoto wa hapa anajua.

"Mwalimu juu, mtumishi chini," alisema Mzee Ok, aliyekuwa mkubwa wa kanisa. "Kuna la kujadili?"

Halikuwepo. Tak, kijana wa miaka ishirini na moja, alipandisha jiwe la Bibi Mo mgongoni kwa fremu ya mbao. Mguu mmoja uliteleza kwenye kokoto, goti likavunjika ndani, na tangu siku hiyo alichechemea. Hakulalamika. Alisema mwana lazima naye aumie kidogo kwa ajili ya mama, maana mama ndiye aliyeanza kuumia.

Ndiyo ikawa. Kila mwaka tulikutana mlimani, kwa kuwa wazazi wangu wamelala hatua thelathini kutoka hapo. Tak alilichana tuta la juu kama kichwa cha bibi harusi. La chini alilipitishia mundu mara tatu nne, za kupunguza nyoka. Lilikuwa limezama, limebaki mwinuko wa kimo cha mto wa kulalia, na mchana ulipofika alikuwa analikalia akila viazi vitamu.

"Kaka," nilimwambia mwaka mmoja, "unakalia kaburi la watu."

"Nakalia nyasi. Kaburi liko wapi? Mama Solgae alikuwa mtu wa kupisha wengine. Tazama hata hapa alivyojibana."

"Siku moja atakufinya makalio."

"Atanisamehe, mjane wa watu. Shika kiazi, Profesa. Kula, halafu unisomee gazeti lililovifungia."

Alikuwa ananiita hivyo, Profesa wa Kuta. Kijiji kizima kiliniita hivyo kwa dhihaka, ila yeye alikuwa ananisikiliza nikisoma.

Wanawe walikwenda Incheon mmoja baada ya mwingine. Mkewe akafa. Shule ya kijiji ikafungwa, uwanja ukaota magugu. Kengele ya alfajiri, ambayo Tak mwenyewe aliivuta miaka thelathini, ikanyamazishwa kwa sababu watu watatu waliohamia kutoka mjini walisema inawaamsha. Nilijiuliza kengele ya alfajiri ina kazi gani nyingine. Tukabaki wazee kumi na wawili kanisani, tumekaa mbalimbali kama meno ya mwisho.

Mwaka 2001 akaja Mchungaji Ham. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mtu wa tabasamu, ametumwa na kanisa kubwa la mjini. Wamejenga jumba la kumbukumbu ya wamisionari: marumaru, picha ukutani, chumba cha watoto. Wameandika na kijitabu, masomo saba kutokana na maisha ya Bibi Mo. La kwanza ujasiri, la pili uvumilivu, la tatu kujikana, pamoja na habari ya kunyoa nywele. La saba ni uongozi. Mwishoni mwa kila somo kuna nafasi ya kujaza: mimi nitafanya nini wiki hii? Bibi Mo na Mama Solgae walitembea milima hii kwa viatu vya kamba mpaka damu ikaganda na nyuzi, na mtoto wa leo anajaza kwa penseli kwamba wiki hii atatandika kitanda.

Jumba lilikuwa tayari. Lililokosekana ni Bibi Mo.

Mchungaji alifika kwa Tak na boksi la maji ya matunda, mimi nikiwa nimekaa hapo ukumbini.

"Shemasi, furahi. Bibi Mo anapata mahali panapomstahili."

"Hapa hapamstahili?"

"Hapa nani anamwona?"

"Mimi namwona."

Mchungaji alicheka, na si kwa ubaya. "Shemasi wangu, unakaribia sabini. Baada yako ni nani?"

Tak alilitazama goti lake. Swali lilikuwa la haki, na ndiyo maana liliniudhi. Nikasema mimi, "Mtamtenganisha na wa chini yake?" Mchungaji akauliza wa chini yake ni nani. Nikamweleza. Akatoa kijitabu, akapekua, akasema kwa upole kwamba humu hayumo.

Walipanga siku katika mwezi wa ziada wa kalenda ya zamani, mwezi ambao wazee walisema mizimu haina macho na kaburi linaweza kuguswa bila madhara. Wakristo hatuamini mambo hayo. Lakini hakuna aliyependekeza mwezi mwingine.

Mvua ilianza asubuhi. Wageni walikuwa chini ya turubai, mmoja wao mzee wa kizungu aliyetumwa na watu wa ile misheni ya zamani, nami nilipewa kazi ya kumshikia mwavuli. Mchimbaji alikuwa Bwana Nam, mtu wa mdomo mwingi, ambaye amefungua makaburi mengi kuliko milango. Mchungaji alitaka waanze kwa wimbo. Nam akaweka koleo chini.

"Imbeni mpendavyo, mimi sigusi udongo kabla mwenye kaburi hajaambiwa. Mwana wake yuko wapi?"

Kisha Tak akachechemea mbele, akavua kofia, akapiga kelele mara tatu kama inavyopasa: "Mama, kaburi linafunguliwa! Mama, kaburi linafunguliwa! Mama, kaburi linafunguliwa!" Sauti yake ilipasuka mara ya tatu. Mzungu niliyemshikia mwavuli aliuliza kinachosemwa, nikajifanya kiziwi.

Kwa sababu ya mvua Mchungaji alibaki turubaini na mikrofoni. Shimoni walikuwa Nam na Tak. Nilimwona Tak akipokea mifupa kwa mikono miwili na kuipanga kwenye karatasi nyeupe kuanzia fuvu. Nilimwona Nam akiokota kitu, akikifuta kwa dole gumba, akisema neno. Nilimwona Tak akifumba kiganja.

"Kuna kitu huko?" Mchungaji aliuliza kwa mikrofoni, na mlima ukarudisha sauti.

"Mzizi," Tak alijibu. "Mzizi tu, Mchungaji."

Wakaimba. Boksi jeupe likashuka mlimani mikononi mwa vijana sita wenye glovu nyeupe, likaingia kwenye gari, gari likaondoka na taa zake za pembeni zikiwaka. Jiwe nalo walilichukua. Tak alikataa nafasi ya kwenda mjini. Alibaki kule juu kwenye mvua. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amepiga magoti, nami nikadhani analia juu ya shimo tupu. Ila sikuangalia vizuri. Uso wake ulikuwa umeelekea chini ya mteremko.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Sinia ya mkate ilipofika kwake, aliipokea na kumpa jirani. Vikombe vikaja, akavipitisha. Juma lile alirudisha ushemasi, akahama benchi la mbele ambalo alilikalia tangu vita, akakaa la mwisho, karibu na mlango, pale viatu vinapovuliwa. Hakuwahi kukosa ibada. Wala hakuugusa mkate tena kwa miaka tisa.

Watu wakasema yao. Kwamba amekasirika kwa kuwa hakutajwa siku ya ufunguzi. Kwamba alitaka kulipwa kwa miaka yake ya kufyeka. Bibi Cheon, mwenye duka la mbegu, alimwambia usoni, "Tak, umemnunia Mungu au umetununia sisi? Tujue tumpikie nani supu." Yeye akacheka, akasema supu haikatazwi. Alikuwa anakula peke yake, anasali peke yake, na mlango wake ukianza kufunguka kwa mgeni yeye tayari anatafuta kofia ili atoke. Hata mimi nilimchoka. Naliandika kwa aibu. Nilimwambia mara mbili, mara tatu, "Kaka, nini?" Akajibu, "Kuku ametaga nje, nimtafute." Mara ya nne sikuuliza.

Jambo moja nililiona na sikulielewa. Kila vuli aliendelea kupanda mlimani na mundu, ingawa Bibi Mo alikuwa mjini kwenye marumaru. Mimi nilipanda siku zangu, nikafyeka la wazazi wangu nikashuka, na kichaka kilichoota katikati kilinificha upande wake.

Mwaka 2010 goti lilikataa. Wiki mbili kabla ya sikukuu alinijia mlangoni akiegemea mpini wa jembe.

"Profesa. Bado una mundu au umeuza kwa makumbusho?"

"Ninao."

"Nipandishe."

Tulichukua asubuhi nzima kupanda mwendo ambao zamani ulikuwa wa kumaliza kuimba nyimbo mbili. Pale juu nilisimama. Shimo la tuta la juu lilikuwa limejaa nyasi za kawaida. Tuta la chini, lile la kukalia, lilikuwa limeinuliwa. Limejengwa upya kwa udongo uliobebwa ndoo kwa ndoo, duara kamili, nyasi fupi laini, hakuna gugu hata moja. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa la kuwekea chakula.

"Fyeka," alisema. "Taratibu upande wa kichwa."

"Mama Solgae umemfanyia vizuri, kaka."

"Huyo si Mama Solgae."

Akafungua soksi ya mtoto iliyofungwa kwa uzi, akanipa kitu. Pini ya nywele, ya shaba, urefu wa kiganja, ncha moja imebonyea. Pini ya mwanamke mwenye shungi.

"Ilikuwa nyuma ya fuvu," alisema. "Nam akaniuliza, wazungu nao walikuwa wanafunga shungi? Nikamwambia wapo waliofunga. Akasema, halafu mfupi hivi? Nikamwambia koroga udongo, Bwana Nam, mvua inanyesha. Wewe umesoma kuta zote za bonde hili, niambie. Bibi Mo alikufa na nywele?"

"Alikufa na kichwa kama yai."

"Basi."

Nilikaa. Si juu ya tuta. Maneno ya mama yangu yakanirudia yote, na sauti yake, na moshi wa jiko: nizikeni miguuni pa dada yangu. Tuliutafuta ng'ambo ya bahari, miaka sabini, udada uliokuwa hapa, hatua tatu. Haikumwingia mtu yeyote akilini, si wanawake waliolia, si Mzee Ok na nusu sigara yake, si mimi ninayejiona najua kusoma, kwamba mzungu mwenye sanduku la dawa anaweza kumwita mjane mchuuzi wa vitabu dada mkubwa, na akamaanisha, na akalala chini yake kama mdogo anavyolala. Alijifunza desturi yetu akaishika. Sisi tukaitumia kumpandisha.

Nilimwambia Tak ombi lile. Hakuwa amewahi kulisikia. Mama yake alikufa kabla, nani angemsimulia? Alilisikiliza akiwa ameshika nyasi.

"Alitaka chini," alisema. "Akapata chini. Halafu mimi nikaja kumkalia. Miaka arobaini na minane, Profesa, nimemkalia mama yangu tumboni nikila viazi."

"Hukujua."

"Tumbo linajua?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini aliokoa kitu kwenye nyumba inayoungua.

"Ningesema, wangefunika huyu wa juu na kuchimba huyu wa chini. Turubai lilikuwa tayari, mgeni alikuwa tayari. Wangemchukua siku ileile. Na mimi sijawahi kumfyekea hata mara moja. Hata moja! Nikasema, acha Mama Solgae aende. Yeye hajawahi kupelekewa hata ua. Apate marumaru, apate watoto wa kumwimbia. Huyu anibakie mpaka nife." Alipapasa nyasi za tuta. "Nilimnyang'anya jina yule, nikawadanganya watu wa Mungu kwa mikrofoni. Ungekuwa wewe, ungeula mkate?"

"Ungetubu, ukasamehewa, ukala."

"Kutubu ni kurudisha. Sikutaka kurudisha. Kila mwaka nilijiuliza, na kila mwaka sikutaka. Basi nikakaa pale kwenye viatu."

Alisema neno moja tu la kuomba. Pini. Amelala nayo chini ya mto miaka tisa, na mwanamke yule yuko mjini nywele wazi, mbele za wageni. Goti halimfikishi. Mimi nikamwambia nitaipeleka. Kisha nikafyeka, naye akatambaa kwa makalio akizunguka tuta, akichambua nilikopita, akinikaripia.

"Hapo umeacha. Hapo. Mzee mzima unafyeka kama unamfukuza mbuzi."

Alikufa Januari. Alikuwa ameniambia mimi, na mwanawe mkubwa kwa simu, kwamba alazwe chini ya tuta la chini. Mwanawe ni mtu mwema, alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema, baba mdogo, nani atapanda huko? Akamchoma, akamtia kwenye sanduku dogo lililo kwenye kabati la ukuta, Incheon, safu ya nne, nyuma ya kioo. Hakuna nyasi kule. Namba ninayo.

Mwezi Machi nikapanda basi kwenda mjini, pini ndani ya soksi, soksi ndani ya koti. Jumba ni zuri, sitasema uongo. Nje kuna bustani, na katikati ya bustani jiwe letu, lile lililovunja goti la Tak, limesuguliwa mpaka halijuani na sisi. Nyuma yake marumaru. Watoto kama ishirini walikuwa wamesimama wawili wawili, na msichana mwenye kipaza sauti shavuni alikuwa anawafundisha somo la tatu.

"Bibi Mo alinyoa nywele zake zote! Nani anaweza kunyoa nywele zake zote kwa ajili ya mtu mgonjwa?"

Mikono ikainuka. Nami mfukoni nilikuwa nimeshika pini ya shungi la aliyelala pale.

Nilisubiri wakaenda kula. Nikapiga magoti kwenye ukingo wa maua, nikatoboa udongo kwa kidole karibu kabisa na marumaru, nikaisukuma pini mpaka ikaisha. Nikasema polepole, "Mama Solgae, Tak Chil-bok anakurudishia. Mama yangu anakushukuru kwa herufi." Nilitaka kuongeza neno. Mwanamke wa usafi akanifikia na ufagio.

"Babu! Babu! Maua hayo ya watu! Umedondosha nini?"

"Nimerudisha."

"Hairuhusiwi kupanda kitu hapa. Una ndugu yako humu?"

Nilifikiri kidogo. "Mwalimu wangu."

Alinitazama magoti, yamejaa tope, akalainika. Akanishika kwapa akaniinua. "Haya mwalimu wako amekuona. Basi la saa tisa litakuacha, babu, twende."

Nimeyaandika haya kwa sababu naelekea themanini na hakuna mwingine aliyesikia. Nimeulizwa na nafsi yangu kama siyo kumsaliti Tak. Wapo watakaosoma na kutaka kurekebisha. Watu wa masomo saba hawapendi kosa kwenye kijitabu. Watakuja na turubai. Ndiyo maana majina ya watu nimeyageuza, jina la kijiji nimelimeza, na mabonde yenye mlima wa makaburi katika mkoa wetu hayahesabiki. Tena nimefanya jambo jingine.

Mlimani kwetu yamebaki matuta arobaini na moja. Mengi hayana mtu. Wenyewe wako Seoul, au wamekwisha. Zamani nilifyeka la wazazi wangu nikashuka. Sasa naanza siku ishirini kabla ya sikukuu. Nafyeka yote. Nainua yaliyozama, ndoo kwa ndoo, nachambua kwa vidole, na mbele ya kila moja nimeweka jiwe bapa. Kijana wa ushirika aliniuliza, "Babu, yote haya ni ya ukoo wako?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nina ukoo mkubwa, akawasha mashine yake akaenda.

Atakayepanda kutafuta ataona matuta arobaini na moja, yote duara, yote yamechanwa sawa, na hatajua lipi. Mimi ndiye ninayejua. Mchana nakaa chini yake kidogo, miguuni, pale alipotaka kulazwa Tak, kwenye ardhi tambarare ambayo nimeihakikisha kwa mpini wa jembe kwamba haina mtu, nakula kiazi changu. Cha pili nakiacha kwenye jiwe.